NYUMBA KUUKUU KIKUYU: TAZAMA HATI KABLA YA BATI

Tangu Serikali itangaze mwaka 2016 kuhamia Dodoma, wenye mitaji midogo wamezikodolea macho nyumba kuukuu za Kikuyu. Hesabu yao inaeleweka. Mjini ni karibu, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana kipo tangu 2007, na nyumba iliyosimama huleta kodi ya pango mapema kuliko kiwanja kitupu.

Hatari haiko kwenye ufa wa ukuta; huo fundi ataupima na kuutajia bei. Hatari iko kwenye karatasi. Hati za CDA zilikuwa za miaka 33 tu. Mamlaka hiyo ilivunjwa Mei 2017, ikaagizwa hati zibadilishwe ziwe za miaka 99. Asiyebadilisha anakuuzia miaka iliyobaki: hati ya 1990 muda wake ulikwisha 2023.

Ushauri wetu: muuzaji abadilishe hati kwanza, kwa gharama yake, ndipo fedha zitoke. Kama ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenzi wake. Ipate kwa maandishi. Akisita, basi umeshajua kwa nini bei ni nafuu.