Kuni za Jirani



Wahenga walinena: mtegemea cha ndugu hufa maskini. Methali hii twawaambia vijana wavivu, lakini hata mataifa yenye mali yafaa kuisikiliza. Leo tuitazame nchi ya Ubelgiji, ambayo historia yake imefungamana na yetu, tuone jinsi hofu ya vita inavyolichagulia taifa moto wake na marafiki zake.

Ubelgiji haina mafuta wala gesi ya kutosha ardhini mwake. Makaa ya mawe ilikuwa nayo, lakini mgodi wa mwisho ulifungwa mwaka 1992. Basi, kama nyumba isiyo na kuni, hubisha hodi kwa jirani.

Mwaka 1940 Wajerumani waliiteka nchi hiyo, na serikali yake ikakimbilia London. Kilichosalia mikononi mwake ni Kongo. Kule Shinkolobwe, katika Katanga, palikuwa na mawe ya urani, madini yatoayo nguvu za atomi, yaliyozidi kwa ubora yote yaliyojulikana. Bwana Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière, alipeleka New York zaidi ya tani 1,000, na mwaka 1942 akawauzia jeshi la Marekani. Huku kwetu Maniema, bati la Kalima lilitafutwa sana baada ya Wajapani kuiteka Malaya. Mwaka huo huo wa 1942 serikali ya kikoloni iliongeza siku za kazi za lazima vijijini kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka, na watu wengi wakaingizwa msituni kugema mpira.

Tarehe 26 Septemba 1944 Ubelgiji ilipatana na Marekani na Uingereza: wao wauziwe urani kwanza, nayo ipewe fungu katika faida ya nguvu hiyo mpya. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangamiza Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka Kongo. Kwa mawe hayo Ubelgiji ilijipatia marafiki wenye nguvu, na pia elimu: mwaka 1952 ilianzisha kituo cha uchunguzi wa atomi huko Mol. Nasi tulipata nini? Mwaka 1959 kinu kidogo cha kujifunzia, cha kwanza katika Afrika, kiliwashwa katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Lovanium, kwa juhudi za Monsinyori Luc Gillon, padre na mtaalamu wa fizikia. Hilo lilikuwa jema. Lakini wachimbaji wa Shinkolobwe hawakuitwa kwenye meza ya mapatano.

Hofu ilirudi mwaka 1973, Waarabu walipopunguza mafuta yao, hata Wabelgiji wakakatazwa kuendesha motokaa siku za Jumapili. Mwaka 2003 walitunga sheria ya kufunga vinu vyote vya atomi kufikia 2025. Lakini Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine, bei ya gesi ikapanda mno, na mwezi uliofuata serikali ikaamua vinu viwili, Doel 4 na Tihange 3, viendelee miaka kumi zaidi. Mei 2025 bunge likaifuta sheria yenyewe.

Tusiwacheke. Kutafuta kuni si dhambi. Dhambi huanza pale aotaye moto anapomsahau aliyekata kuni. Baba Mtakatifu Fransisko, alipofika Kinshasa tarehe 31 Januari 2023, aliyataka mataifa yaondoe mikono yao juu ya Kongo, kwa maana Afrika si mgodi wa kunyonywa.

Lakini tujiulize na sisi. Maji ya Lualaba yapitayo mbele ya Kindu ndiyo yaendayo kuzungusha mitambo ya Inga, iliyojengwa mwaka 1972 na 1982; hata hivyo mama zetu wengi bado wapikia makala. Leo dunia yagombania kobalti na koltani kama ilivyogombania urani. Enyi wanafunzi, jifunzeni fizikia, hesabu na sheria kwa bidii, msiishie kutamani kazi ya kuchimba tu. Nanyi wazazi, wasomesheni binti pamoja na wana. Siku mapatano mengine yatakapoandikwa, mtoto wa Maniema awepo mezani, ajue kuyasoma, na awe na dhamiri safi ya kukataa hongo.