Juu ya saa inayochelewa safarini



Tangu mwalimu wa fizike alipotufundisha habari ya Einstein, mu internat hakuna amani. Wamoja wanasema ni uongo mtupu, ati saa ya mtu anayekwenda mbio haiwezi kuchelewa isipokuwa imeharibika. Wengine walisimama hata katika ibada ya asubuhi na kusema: mnaona, fizike imehakikisha 2 Petro 3:8! Sisi wa mwaka wa sita tunaona pande zote mbili zinakosa.

Kwanza tuondoe fujo moja. Mtu akitoka Kinshasa kwa ndege na kushuka Lubumbashi, anasukuma saa yake mbele saa moja. Ile haiko habari ya Einstein, ni mapatano ya watu tu. Yule msafiri hakuzeeka saa moja zaidi.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 1905 Einstein aliandika kwamba wakati haupiti sawasawa kwa anayekwenda mbio na kwa anayebaki. Mwaka 1971 Wamarekani wawili, Hafele na Keating, walipandisha saa nne za atomu mu ndege za abiria, wakazunguka nazo dunia, mara moja kwa mashariki, mara moja kwa magharibi. Kiisha wakazilinganisha na saa zilizobaki Washington. Kwa mashariki zilichelewa nanosekunde 59, kwa magharibi zilitangulia nanosekunde 273. Nanosekunde ni sekunde moja iliyokatwa vipande 1.000.000.000, njo maana hakuna mama aliyeona bwana yake amerudi kijana kutoka safari.

Juu ya nini tofauti ile? Dunia yenyewe inazunguka kwenda mashariki. Ndege ya upande ule inaongeza mbio yake juu ya mbio ya dunia, ndege ya magharibi inapunguza. Tena kule juu, mbali na udongo, saa inakwenda haraka kidogo, na hii pia Einstein aliieleza. Hesabu na vipimo vilikubaliana. Saa iliyoharibika inachelewa ovyo, haifuati hesabu ya mtu! Na yule anayepiga kelele kuwa ni uongo, akitafuta njia kwa simu, anatumikiwa na satelaiti ambazo saa zao zinasahihishwa maikrosekunde 38 kila siku kwa hesabu zile zile.

Sasa kwenu ninyi wa ibada. Tunawapenda, lakini mtume Petro aliandika juu ya uvumilivu wa Bwana, hakuandika juu ya mbio. Mungu hapandi ndege. Na kama imani yetu inaegemea formule, yule atakayeanguka mtihani wa fizike atafanya nini, atoke mu kanisa?

Sisi ulizo letu ni lingine. Tuseme Mbuyi na Kabanga ni mapacha, Mbuyi ni mkubwa. Mbuyi anaondoka kwa chombo chenye mbio ya kilometa 260.000 kila sekunde, anarudi saa yake ikihesabu miaka 10. Nyumbani imepita karibu 20. Kabanga ana mvi, Mbuyi bado kijana. Siku ya kugawa uriti wa baba, nani atasema kwanza kama mkubwa? Mu chumba chetu tumegawanyika nusu kwa nusu. Majibu mlete kwa wenye kutengeneza gazeti mbele ya Ijumaa.