Mamlaka ya Wananchi Si Mali ya Gavana



Sisi wakazi wa Kaloleni, Jericho, Umoja, Kayole na Dandora twauliza: ni nani aliyezipa kaunti mamlaka? Wako wakubwa wanaonena kana kwamba ugatuzi ni zawadi ya Rais. Sivyo. Kifungu cha 1 cha Katiba ya 2010 chatamka kuwa mamlaka yote ni ya wananchi, nasi ndio tuliyoyagawa baina ya serikali ya taifa na kaunti 47. Jedwali la Nne liko wazi: polisi na sera ya elimu ni za taifa, zahanati, masoko na uzoaji wa taka ni kazi za kaunti.

Tumekwisha kupokonywa zaidi ya mara moja. Majimbo ya 1963 yaliondolewa hatua kwa hatua hadi 1968, bila kura ya maoni. Mwaka 1983 Baraza la Jiji lilivunjwa, tukatawaliwa na tume isiyochaguliwa hadi 1992. Tarehe 25 Februari 2020, Gavana wa Nairobi alitia sahihi Ikulu hati ya kukabidhi serikali ya taifa afya, uchukuzi, ujenzi na mipango ya jiji. Meja Jenerali akawekwa juu yetu, na idara yake ikadumu hadi Septemba 2022. Sisi tulizisikia habari hizo redioni.

Tutaambiwa kuwa jiji lilikuwa limeoza, na kwamba visima vilichimbwa mitaani. Hatukatai. Lakini mwenye nyumba akimkuta mlinzi amelala humfukuza. Hampi jirani hatimiliki. Kifungu cha 187 kinaruhusu kazi kuhamishwa, ila chasisitiza kuwa wajibu wa kikatiba hubaki kwa serikali iliyopewa kazi hiyo. Gavana aweza kukabidhi ufagio. Lawama hawezi kuikabidhi.

Esau aliuza haki ya uzaliwa wa kwanza iliyokuwa yake mwenyewe. Mtawala anayetoa ya kwetu bila kutuuliza amemzidi Esau kwa makosa.

Basi tusilalamike vibarazani tu. Kila mwaka makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, na sheria yatupa haki ya kusikizwa. Makanisa na yatangaze vikao hivyo kama yatangazavyo ndoa. Anayejua kuna pingamizi, aje aseme sasa.