Alama 50 za daktari zinapima nini?

Wiki hii acha niweke kando mambo ya programu nizungumzie madaktari. Najua kuna msomaji atakayeuliza mwandishi wa programu anatafuta nini hospitalini. Ndugu yangu, natafuta nambari. Nikiona nambari moja ikitumiwa kuamua jambo kubwa, lazima niulize inapima nini hasa.

Nambari yenyewe ni 50. Hapa Kenya, daktari anayetaka leseni yake ya mwaka kutoka Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC) sharti awe amekusanya alama 50 za masomo ya kujiendeleza. Nyingi hupatikana kwa kuhudhuria makongamano, semina na mihadhara ya mtandaoni. Sina ugomvi na sharti hilo. Daktari aliyefuzu miaka 20 iliyopita na asisome tena ni kama kompyuta isiyowahi kusasishwa. Inawaka, inafanya kazi, lakini ole wako ukiitegemea.

Ugomvi wangu ni kwamba alama hizo zinahesabu zaidi viti vilivyokaliwa. Hebu tuchukue mfano mmoja, saratani ya mlango wa kizazi. Kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani (IARC), mwaka 2020 iliwapata wanawake 5,236 nchini Kenya na kuwaua 3,211. Na huu ni ugonjwa unaotembea polepole. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri ya mwili, huchukua miaka 15 hadi 20 kukomaa. Yaani mwizi anazunguka nyumba miaka yote hiyo kabla ya kuvunja mlango, na bado tunashindwa kumkamata.

Sasa tazama kanuni zilivyobadilika. Daktari wa zamani alifundishwa kipimo cha Pap. Ikaja njia ya kupaka siki na kuangalia kwa macho, ambayo haihitaji maabara. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) likapendekeza kipimo cha DNA ya virusi vya HPV kitangulie. Mwanamke asiye na virusi vya Ukimwi aanze akiwa na miaka 30 na kurudia kila baada ya miaka 5 hadi 10. Aliye navyo aanze akiwa na miaka 25, na kurudia kila baada ya miaka 3 hadi 5.

Waandishi wa programu mmeshaiona: ni "kama hivi, fanya hivi, la sivyo, fanya vile". Tofauti ni kwamba daktari akikosea sharti moja, hakuna ujumbe wa kosa kwenye skrini. Mama wa miaka 35 aliyekuja na homa anapewa dawa ya malaria na kwenda nyumbani. Kosa linaonekana miaka mingi baadaye, anaporudi akivuja damu.

Je, semina zinasaidia? Zinasaidia, kidogo. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2009 yalikusanya majaribio 81 ya mikutano ya mafunzo kwa wahudumu wa afya. Utendaji uliimarika kwa kiasi cha asilimia 6 hivi. Mapitio yaliporudiwa mwaka 2021 kwa majaribio zaidi ya 200, jibu lilikuwa karibu lile lile.

Hapa wenzangu wa teknolojia mtaruka: "Weka kikumbusho kwenye kompyuta!" Pole. Cochrane walipima hilo pia mwaka 2009, wakapata asilimia 4 hivi. Yeyote aliyewahi kubofya "Sawa" bila kusoma anajua sababu.

Mbinu ya tatu ni kumwonyesha daktari takwimu za kazi yake mwenyewe. Mapitio ya mwaka 2012 yalipata pia asilimia 4 hivi, lakini yakagundua kwamba inasaidia zaidi pale utendaji ulipoanzia chini, takwimu zikirudiwa, na kukiwa na lengo na mpango wa kulifikia. Hapo ndipo pa kuweka alama zetu. Napendekeza hivi:

1. Sehemu ya zile 50 itengewe uchunguzi wa saratani, pamoja na kujua ni nani hahitaji kupimwa.

2. Alama hizo zitolewe kwa kujihesabu. Wanawake wa miaka 30 na zaidi niliowaona kwa miezi mitatu ni wangapi? Wangapi wana tarehe ya uchunguzi kwenye faili? Weka lengo, kisha hesabu tena baada ya miezi sita.

3. Wauguzi na maafisa wa kliniki, ambao wana mabaraza yao, wawekewe utaratibu huo huo. Katika zahanati nyingi wao ndio wanaopima.

Mtasema madaktari wamechoka na faili ni za karatasi. Kweli. Lakini kuhesabu faili 50 kwa kalamu ni kazi ya alasiri moja, na palipo na hifadhidata ni mistari mitano tu ya msimbo. Mtasema pia vifaa vya kupima havipo. Kweli tena, na mafunzo hayazai vifaa. Ila daktari aliyehesabu ataweza kuiambia kaunti, kwa nambari, ni wanawake wangapi walikosa kupimwa kwa sababu hiyo. Cheti cha semina hakisemi hayo.

WHO inataka ifikapo mwaka 2030 asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kabla ya kutimiza miaka 35, na tena kabla ya 45. Hiyo ndiyo nambari ninayotaka daktari wangu aijue kwa wagonjwa wake. Akishaijua, mpeni alama zake 50 na leseni yake.

Madaktari mnaosoma hapa, mwasemaje? Uwanja ni wenu.