Laini ya Simu Wanaijua, Mtoto wa Miaka Mitano Hawamjui

Ndugu zangu vijana, najua mkisikia maneno "mfumo wa taarifa" wengi mnapitiliza kwenda habari nyingine. Leo msipitilize. Humu ndimo serikali inamoficha mtoto wa maskini, tena bila kumgusa.

Tuanze na mambo tunayoyakumbuka wote. Januari 2020 walianza kuzima laini za simu ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole. Bibi wa kijijini, machinga, bodaboda, wote tulipanga foleni kutafuta namba ya NIDA. Julai 2021 zikaja tozo za miamala ya simu. Hapo hatukuambiwa eti mtandao uko chini, wala eti vijijini hakuna umeme. Mama wa Namtumbo akimtumia mwanae elfu ishirini, makato yalikatwa papo hapo, na ujumbe ukaingia kabla hajairudisha simu kwenye kibindo. Kwa hiyo tusidanganyane kuhusu uwezo. Serikali hii ikitaka kumjua mtu, inamjua.

Sasa iulize kuhusu mtoto wa miaka mitano. Katika kata yako, watoto waliofikia umri wa kuanza darasa la awali ni wangapi? Wangapi wako darasani leo? Waliobaki wako wapi, na wamekwama kwa sababu gani? Swali la kwanza utajibiwa kwa makadirio, la pili kwa daftari. La tatu utaambiwa wazazi hawana mwamko. Hapo ndipo mjadala unapofungwa, na lawama anabebeshwa mama ntilie.

Nazungumzia Tanzania Bara, maana Zanzibar elimu ya awali inasimamiwa na serikali yake. Huku kwetu, Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilifanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima. Ukaja Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, ada ikafutwa, na Januari 2016 wazazi wakaitikia kwa kishindo. Watoto wa awali waliruka kutoka takriban milioni 1.07 mwaka 2015 hadi karibu milioni 1.56 mwaka 2016. Karibu nusu milioni ndani ya mwaka mmoja! Viongozi walijisifu majukwaani, na walikuwa na haki ya kujisifu.

Lakini miaka iliyofuata idadi hiyo ikashuka. Hapo majukwaa yakawa kimya. Watoto walienda wapi? Walipelekwa darasa la kwanza kabla ya umri? Walirudi nyumbani baada ya kukaa chini kwenye vumbi, wamejazana kama mahindi kwenye gunia? Familia zilihama? Hakuna anayeweza kukujibu kwa uhakika, kwa sababu mfumo ule ulihesabu vichwa, haukumfuata mtoto. Mara moja kwa mwaka mwalimu mkuu anajaza fomu: wavulana kadhaa, wasichana kadhaa. Karatasi inapanda halmashauri, inapanda TAMISEMI, inatoka kitabu kizuri cha takwimu. Mtoto aliyeacha shule mwezi Mei hana ukurasa kwenye kitabu hicho.

Sasa tazama mtoto mmoja anavyogawanywa. Kliniki anapopimwa uzito na kuchanjwa ni Wizara ya Afya. Cheti chake cha kuzaliwa ni RITA, iliyo chini ya Katiba na Sheria. Akipelekwa kituo cha kulelea watoto mchana, kituo hicho kinasimamiwa na Maendeleo ya Jamii kwa Sheria ya Mtoto ya 2009. Akiingia awali, sera ni ya Wizara ya Elimu lakini shule ni ya TAMISEMI. Wizara tano, mtoto mmoja, na kila mlango anaandikwa upya kama aliyedondoka kutoka mbinguni jana yake.

Hasara yake si ya makaratasi. Nesi anaweza kugundua mtoto hasikii vizuri akiwa na mwaka mmoja na nusu, akaandika kwenye kadi. Miaka minne baadaye mwalimu wa awali anamwona mtoto huyo huyo ameketi nyuma, haitikii, anamwita mzito wa akili. Taarifa ilikuwepo nchini muda wote, imelala kwenye kabati la zahanati mita mia tano kutoka shuleni. Au chukua mtoto wa mfugaji anayehama na ng'ombe kutoka Shinyanga hadi Lindi. Yule wa shule ya msingi angalau ana namba kwenye mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani, mwalimu anaweza kuitafuta. Huyu wa awali anafika kijiji kipya hana alama yoyote. Asipotokea darasani, hakuna atakayeuliza, kwa sababu hakuna aliyekuwa akimtarajia.

Msije mkasema wapinzani hatuoni jema. RITA walianza mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano mwaka 2013 kule Mbeya: cheti bure, kinatolewa kwenye kituo cha tiba au ofisi ya kata, taarifa zinatumwa kwa simu ya mkononi. Hilo ni jambo la maana na tunalipongeza. Tuna Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019. Tuna Mamlaka ya Serikali Mtandao, ambayo imeshajenga mfumo wa kubadilishana taarifa kati ya taasisi na taasisi. Baada ya Sensa ya 2022, iliyofanyika kwa vishikwambi hadi vitongoji vya mbali, walimu nao waligawiwa vishikwambi. Tuna hata Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya 2021/22 hadi 2025/26, iliyozinduliwa Dodoma kwa mbwembwe zote. Rais mwenyewe amesema zaidi ya mara moja kwamba mifumo ya serikali isomane.

Sheria ipo, vifaa vipo, mipango ipo, agizo lipo. Kwa nini basi mwalimu ana kishikwambi mkononi na bado anapiga mistari kwenye daftari kwa rula?

Jibu langu ni hili, na anayebisha aje na hoja: mtoto asiyehesabiwa hadai kitu. Hadai mwalimu, hadai dawati, hadai uji, hadai tundu la choo. Kiwango cha serikali yenyewe ni watoto 25 wa awali kwa mwalimu mmoja. Baada ya 2016, takwimu zake yenyewe zilivuka watoto 100 kwa kila mwalimu mwenye sifa. Hao ni wale walioonekana. Siku mfumo utakapotaja na wasioonekana, kijiji kwa kijiji, bajeti ya kila halmashauri itakuwa na deni linalosomeka. Hapo waziri hawezi tena kusimama bungeni akasema "tunaendelea kuboresha". Ataulizwa: kata hii ina watoto mia nne, walimu wa awali wawili, wengine mnaleta lini?

Tena tazama shule shikizi. Mwaka 2021, kwa fedha za UVIKO-19, yalijengwa madarasa 3,000 kwenye vituo shikizi, na huko ndiko wadogo wanakoanzia ili wasitembee maporini. Sawa kabisa. Lakini kituo shikizi kikijumlishwa kwenye idadi ya shule mama, upungufu wake unameza jina. Kwenye karatasi shule mama ina walimu wa kutosha. Kule porini watoto sitini wanafundishwa na kijana mmoja wa kujitolea, aliyemaliza kidato cha nne.

Sasa tunataka nini? Tusiwe watu wa kulalamika tu.

Kwanza, namba moja kwa mtoto mmoja, tangu anapozaliwa. Serikali imeshaitaja Jamii Namba. Basi ianzie labour, iende kliniki, iende kituo cha malezi, iende awali na darasa la kwanza. Mwalimu aandike mara moja, wizara zote zisome. Mfumo mpya ukimwongezea mwalimu fomu ya sita, huo si mfumo, ni adhabu.

Pili, mfumo umtafute asiyekuwepo. Kabla ya uandikishaji kuanza kila mwaka, orodha ya watoto waliotimiza umri imfikie mwalimu mkuu na mtendaji wa kijiji. Januari ikipita na majina hayajatimia, mtu aende nyumbani kuuliza. Laini yako isiposajiliwa walikutafuta. Wamtafute na huyu.

Tatu, namba isigeuzwe geti. Wenzetu Kenya walianzisha mfumo wa NEMIS mwaka 2017, wakaufunga kwenye cheti cha kuzaliwa. Watoto wasio na vyeti wakakwama nje ya mfumo, na fedha za shule zilikuwa zinawafuata waliomo. Tusirudie. Mtoto akija bila cheti aingie darasani siku hiyo hiyo, na shule ndiyo ianze kumtafutia cheti.

Nne, majina yafungwe, idadi ifunguliwe. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ugonjwa wa mtoto, ulemavu wake, umaskini wa nyumbani kwao, si vya kusomwa na kila mwenye cheo, wala si orodha ya kampeni ya chama chochote, kiwe chao au chetu. Lakini idadi ni mali ya umma: watoto wangapi wanastahili, wangapi wapo, walimu wangapi, fedha kiasi gani. Ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kijiji na mtaa, kwa Kiswahili, kila muhula.

Watasema ni gharama. Kujenga mfumo ni gharama kweli. Lakini kila wizara kununua mfumo wake, na kila mradi wa wafadhili kuja na programu yake inayokufa mradi ukiisha, hiyo nayo tunailipia. Watasema mtandao haufiki. Karani wa Sensa alijaza taarifa mahali pasipo na mtandao, akazituma alipoupata. Na hii nayo mtoto wa awali anastahili.

Kwa hiyo vijana, wiki hii acheni kubishana na machawa kwenye makundi. Kila mmoja achukue kijiji chake au mtaa wake, aende kwa mtendaji na kwa mwalimu mkuu kwa heshima, maana hao si adui zetu, ndio wanaobeba mzigo huu. Uliza mambo matatu: watoto waliofikia umri wa awali ni wangapi, walioandikishwa ni wangapi, walimu wa awali ni wangapi. Usichukue jina la mtoto yeyote. Ukijibiwa, andika jibu. Ukikosa jibu, andika kwamba halipo, na tarehe. Kisha mpelekee diwani wako, wa chama chochote, kabla halmashauri haijapitisha bajeti, umwambie alisome kwenye Baraza la Madiwani kwa sauti.