Neno Ufunuo na Vitabu vya Wahindu

Neno moja likitiwa mahali pasipo pake laweza kuharibu maelezo ya kitabu kizima. Neno nitakalo kulishtaki leo ni ufunuo. Silishtaki katika Biblia, ambamo lina haki yake tangu zamani. Nalishtaki katika vitabu vya Kiingereza vielezavyo maandiko ya Wahindu, ambavyo baadhi yetu walimu twavinunua, twavisoma usiku, na asubuhi twawafundisha watoto tuliyoyasoma kana kwamba tumeyaona kwa macho.

Mimi ni mmoja wao. Nalipata Bhagavad Gita kwa Kiingereza, na dibaji yake yasema kwamba kitabu hicho ni ufunuo wa Mungu kwa Wahindu, kama Biblia ilivyo kwa Wakristo. Nikaandika ubaoni: "Biblia ya Wahindu ni Gita." Watoto wakanakili. Baada ya siku chache nalikwenda mjini kununua kitambaa, nikamwambia mwenye duka, mzee wa Kihindu tuliyezoeana naye, habari ya somo langu, nikidhani atafurahi. Alicheka kidogo, akasema, "Mwalimu, Gita naipenda, naisoma kila siku, lakini kwetu hiyo si shruti." Nikamwuliza shruti ni nini. Akaweka mkasi chini, akanieleza hata wateja wawili wakachoka kungoja, wakaenda zao.

Basi ni hivi. Wanavyuoni wa Kihindu hugawanya maandiko yao mafungu mawili. Fungu la kwanza ni shruti, maana yake kilichosikiwa: ndizo Veda nne, pamoja na Upanishadi zilizo mwisho wake. Fungu la pili ni smriti, maana yake kilichokumbukwa: humo zimo sheria, na hadithi kubwa za vita na wafalme. Gita, yenye sura 18 na beti 700, imo ndani ya hadithi ya Mahabharata, kwa hiyo kwa hesabu ya wanavyuoni ni smriti, ingawa heshima yake imepanda hata wengi huiweka karibu sawa na Upanishadi. Dibaji yangu haikusema neno lo lote la mambo hayo.

Imetoka wapi desturi hii ya kuifananisha na Biblia? Haikuanza jana. Mwaka 1785 Charles Wilkins, mtumishi wa kampuni ya Waingereza iliyotawala sehemu za Bara Hindi, alitoa Gita kwa Kiingereza kule London. Warren Hastings, Gavana Mkuu wa Bengal, aliandika barua iliyowekwa mbele ya kitabu. Alisema kwamba kila elimu ipatikanayo kwa kujuana na watu waliotawaliwa yaifaa serikali. Tena akasifu kwamba mafundisho ya Gita yapatana na mafundisho ya Kikristo. Tazameni, wasomaji, sifa hiyo ilivyo na kipimo ndani yake! Kitabu cha watu wengine chapewa heshima kwa sababu chafanana na changu. Kisifanane, je?

Baada yake wakaja wengine. Max Müller, Mjerumani aliyefundisha Oxford, alichapisha Rigveda kwa miaka mingi, tangu 1849 hata 1874, naye hakufika Bara Hindi hata siku moja. Ndiye aliyesimamia mfululizo wa vitabu vitakatifu vya Mashariki kwa Kiingereza, vitabu 50, vilivyotoka kati ya 1879 na 1910. Kazi hiyo siidharau. Ni kazi ya ajabu, na bila watu kama hao nisingejua hata haya machache. Walakini katika vitabu vyote 50 Biblia haimo, ingawa nchi ilikozaliwa ni Mashariki. Wao waliowekwa rafuni walikuwa wengine. Aliyeshika kipimo alibaki nje ya rafu.

Na matokeo yake yaliwafikia Wahindu wenyewe. Gandhi ameandika katika habari za maisha yake kwamba aliisoma Gita mara ya kwanza akiwa London mwaka 1889, kwa Kiingereza, katika tafsiri ya Edwin Arnold iliyotoka 1885, pamoja na Waingereza wawili waliomwomba awasaidie. Aliona haya, kwa kuwa hakuwa ameisoma kwa Kisanskriti wala kwa Kigujarati, lugha ya mama yake.

Sasa niseme shina la shauri langu. Kwa Kiswahili chetu, kufunua kwataka vitu vitatu: kitu kilichofunikwa, mkono unaofunua, na mtu wa kuonyeshwa. Mama akifunua chungu, twajua kuna chungu, kuna mama, na kuna wenye njaa. Nasi Wakristo tukisema ufunuo twakiri kwamba Mungu amesema, tena amesema kwa hiari yake, kwa wakati wake, na kwa watu aliowachagua. Ondoa mkono, na neno limekufa.

Wako wanavyuoni wa Kihindu wa madhehebu iitwayo Mimamsa, ambao mkubwa wao mmoja alikuwa Kumarila, aliyeishi yapata karne ya 7. Hao hufundisha kwamba Veda haikutungwa na mtu, wala haikutungwa na Mungu. Hapana aliyeitoa. Haina mwanzo, maneno yake na maana yake vyashikamana tangu milele, na ukweli wake wasimama imara kwa sababu hiyohiyo, kwamba hakuna mtungaji awezaye kukosea au kudanganya. Wale wazee wa kale waitwao rishi hawakuandika kitu, bali waliziona mantra. Je, jambo hili ni ufunuo? Mkono wa kufunua u wapi? Mwandishi wa dibaji akiliita ufunuo wa Mungu, amewatia hao imani ambayo wao wenyewe walishindana nayo kwa hoja kali karne nyingi. Maana walioshindana nao walikuwako, na walikuwa Wahindu vilevile: madhehebu ya Nyaya husema kwamba Veda ni neno la Bwana wa ulimwengu, nayo yaaminiwa kwa sababu msemaji wake aaminika. Shindano kubwa na zuri namna hiyo, dibaji yalifuta kwa neno moja.

Hata Vivekananda, aliyesimama Chicago mwaka 1893 mbele ya mkutano wa dini, alilitumia neno hilo la Kiingereza, kisha ikamlazimu kulipindua papo hapo. Aliwaambia kwamba Wahindu wamepokea dini yao kwa ufunuo wa Veda. Lakini kwa Veda, akasema, hawana maana ya vitabu, ila hazina ya sheria za roho zilizogunduliwa na watu mbalimbali kwa nyakati mbalimbali, kama vile sheria ivutayo vitu chini ilivyokuwako kabla mtu ye yote hajaijua. Mwenye akili aona mara moja kwamba kugundua si kufunuliwa. Agunduaye hutafuta, afunuliwaye hujiwa. Lakini wasikilizaji walikuwa Wamarekani, naye alikuwa mgeni, akaazima kiti kilichokuwamo nyumbani.

Najua nitajibiwa. Mtu ataniambia: "Mwalimu, mbona wako Wahindu wasemao waziwazi kwamba Veda ni ufunuo wa Mungu?" Ni kweli, wala sitalificha. Dayananda Saraswati, aliyeanzisha Arya Samaj huko Bombay mwaka 1875, alifundisha kwamba Mungu alitoa Veda mwanzo wa kuumbwa ulimwengu kwa rishi wanne, kwa ajili ya wanadamu wote. Na wafuasi wake walikwisha kuwa na chama Nairobi tangu 1903. Hao wakisema ufunuo, na waandikiwe ufunuo, kwa kuwa ndivyo wanavyoamini. Ninalokataa ni kuwavika Wahindu wote kanzu ya mmoja, kisha kusema kwamba imewatosha.

Tena kuna jambo zito zaidi, ambalo vitabu vya sifa hulipita mbio. Neno shruti maana yake kilichosikiwa. Lakini nani aliyeruhusiwa kusikia? Sheria za kale ziliwakataza Washudra wasisikie Veda, na adhabu zilizotajwa ni za kutisha, kama kumiminiwa risasi ya moto masikioni. Mtu asomaye kwa Kiingereza kwamba Veda ni ufunuo wa Mungu kwa wanadamu adhani ilitangazwa sokoni. Haikutangazwa. Ilitunzwa kwa mdomo na sikio, mwalimu kwa mwanafunzi, nyimbo 1,028 za Rigveda, neno kwa neno, kwa namna za kurudiarudia maneno mbele na nyuma ili hata sauti moja isipotee. Kazi ya kuhifadhi hiyo sijaona mfano wake. Lakini mlango ulikuwa na bawabu. Mwaka 1927 B. R. Ambedkar na wenzake, watu walioitwa wasioguswa, walichoma hadharani kule Mahad kitabu cha sheria za Manu. Mwandishi wa dibaji amheshimu Mbrahmani kwa neno ufunuo, na mtu huyu wa pili amemfunika kabisa.

Wala sisi tusijione safi. Wako wahubiri wetu walishikao neno hilohilo kwa mkono wa kushoto: huita Veda ufunuo ili wapate kuiita ufunuo wa uongo. Msifu na mtukanaji wote wawili wamekwisha kuibadili Veda kuwa Biblia ya bandia. Nami ni Mkristo, sioni haya kukiri kwamba nimwaminiye ni Mungu aliyesema katika Mwanawe; lakini imani yangu haihitaji jirani yangu asingiziwe. Waislamu wa pwani wanajua uchungu huu. Canon Godfrey Dale wa misheni ya UMCA alitoa Kurani kwa Kiswahili mwaka 1923, na ndani yake akatia maelezo ya kubishana nayo. Wengi wao hawakupendezwa, na tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, Mwislamu mwenye lugha, ilikamilika kuchapwa mwaka 1969 tu. Kungoja kwao kulikuwa kurefu.

Kwa hiyo walimu wenzangu mwandikao vitabu vya dini za watu, nawaomba jambo dogo: andikeni shruti mahali pa shruti, na smriti mahali pa smriti, mkaeleze kwa Kiswahili. Mstari mmoja au miwili yatosha.

Mimi nalirudi darasani, nikawaambia watoto wafungue madaftari yao na kukata ule mstari wa Biblia ya Wahindu. Hawakupenda, mtoto hapendi kuharibu ukurasa safi. Nikaeleza kama nilivyoelezwa dukani. Msichana mmoja wa nyuma akainua mkono, akauliza, "Kama maneno hayo hayakusemwa na mtu wala na Mungu, wa kwanza kuyasikia aliyasikia kutoka kwa nani?" Nikamwambia kwamba swali hilo watu wa Nyaya waliwauliza watu wa Mimamsa, na kengele ilipolia tulikuwa bado tunalo.