Wanacheka, na Bado Wanatii

Miongoni mwa mambo ambayo wazazi wamekuwa wakituuliza mara kwa mara ni hili la michezo ya kompyuta: je, kijana aruhusiwe au azuiwe? Swali huulizwa kwa haraka, na jibu hutolewa kwa haraka zaidi. Mwenye kujibu hutazama kama pana damu, bunduki na matusi. Akivikuta hukataza, asipovikuta huruhusu, na shauri likaishia hapo. Sisi tunaona kuwa katika baadhi ya michezo hiyo damu ni sehemu ndogo tu ya habari. Sehemu kubwa ni maneno yanayosemwa kabla ya risasi ya kwanza kufyatuliwa.

Tuuchukue mmoja uwe mfano. Unaitwa Helldivers 2, umetengenezwa na kampuni ya Arrowhead ya Sweden na kutolewa na Sony mwezi Februari 2024. Katika wiki 12 za mwanzo ziliuzwa nakala milioni 12. Kabla ya kuandika haya tuliketi nyuma ya kijana mmoja wa mtaani kwetu kwa jioni mbili, yeye akicheza nasi tukisikiliza.

Katika ulimwengu huo wa kubuni, wanadamu wote wako chini ya dola moja iitwayo Super Earth. Mfumo wa utawala wake unaitwa demokrasia inayosimamiwa, na maana yake ni kwamba raia hujibu maswali, kisha mashine ikamchagulia mgombea anayemfaa. Iko Wizara ya Ukweli. Katika kila meli ya anga yuko Afisa wa Demokrasia, ambaye kazi yake ni kuwatia askari hamasa na kuwapongeza kwa kuua. Hata mwenye kutaka mtoto hana budi kujaza fomu ya kuomba kibali. Ama askari mwenyewe, yeye hupewa mafunzo ya dakika chache, huvikwa joho, huitwa shujaa, kisha hugandishwa kwa baridi mpaka siku ya kuteremshwa vitani. Akifa, naye hufa upesi, mara nyingi kwa bomu la mwenzake, hurushwa mwingine mahali pake na mchezo ukaendelea. Mchezaji ni yule yule, ilhali aliyekufa alikuwa mtu mwingine. Jina lake hakuna aliulizaye.

Maadui wa dola hiyo ni wa aina tatu, na hapa ndipo watungaji walipoweka kejeli yao kali zaidi. Wa kwanza ni wadudu wakubwa waitwao Terminids. Raia huambiwa kuwa viumbe hao wanachukia uhuru. Lakini anayesikiliza vizuri hugundua kuwa dola yenyewe ndiyo iliyowafuga, kwa sababu miili yao hutoa mafuta yanayoendesha meli za anga. Mafuta hayo yamepewa jina la E-710. Igeuze karatasi juu chini, na tarakimu hizo zitakusomea neno la Kiingereza la mafuta. Wa pili ni mashine za kivita, Automatons, zilizoundwa na watu walioshindwa katika vita vya awali na kutiwa utumwani migodini katika sayari yao wenyewe. Wa tatu ni Illuminate, walimwengu wenye elimu kubwa, ambao katika mchezo wa kwanza wa mwaka 2015 walishambuliwa kwa tuhuma ya kumiliki silaha za maangamizi.

Silaha za maangamizi! Msomaji mwenye umri wa kutosha hahitaji mtu wa kumfasiria. Tarehe 5 Februari 2003, Colin Powell, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alilihutubia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa akionesha picha na kusikilizisha kanda za sauti kuwa ni ushahidi dhidi ya Iraq. Mwezi uliofuata vita vikaanza. Mwaka 2004 wakaguzi waliotumwa na Marekani yenyewe wakaripoti kuwa akiba ya silaha hizo haikuwako.

Kwa hiyo si kweli kuwa mchezo huu unasifu vita, kama anavyoweza kudhani mpita njia anayesikia kelele zake. Ni tashtiti, na nasaba yake inajulikana. Mwaka 1959 mwandishi wa Marekani, Robert Heinlein, alitoa riwaya ya Starship Troopers, yenye taifa ambalo haki ya kupiga kura hupewa waliolitumikia tu. Mwaka 1997 Paul Verhoeven akaitengenezea filamu. Yeye alizaliwa Uholanzi mwaka 1938 na utoto wake aliupitisha chini ya majeshi ya Ujerumani yaliyoikalia nchi hiyo, kwa hiyo sare, bendera na vijana wenye nyuso za kupendeza wanaokimbilia kufa hakuvijua kwa kusimuliwa. Aliigeuza hadithi ile kuwa kejeli. La kustaajabisha ni kwamba baadhi ya wahakiki wa wakati ule hawakuiona kejeli hiyo; walidhani anasifu alichokuwa akikidhihaki.

Na tuseme la haki: mchezo unaokuonesha nyuzi za mwanasesere ni bora kuliko ule unaozificha. Tarehe 4 Julai 2002, jeshi la Marekani lenyewe lilitoa mchezo wa bure kwa jina la America's Army, nalo halikuficha kuwa shabaha yake ni kuvutia vijana wajiunge na jeshi. Uliendelea kwa namna mbalimbali mpaka ulipofungwa mwaka 2022. Ndani yake mlikuwa na ufundi mmoja ambao tunaomba msomaji auzingatie. Timu mbili zikipambana, kila moja ilijiona kuwa ndiyo askari wa Marekani na wale wa upande wa pili ndio maadui. Hapakuwa na mchezaji hata mmoja aliyewahi kujiona adui katika kioo chake. Hatujui kejeli yoyote iliyoeleza propaganda vizuri kuliko ufundi huo, nao haukukusudiwa kuwa kejeli.

Hata hivyo, ubora huo usitufanye tulale. Tulimwuliza kijana wetu, wadudu hawa wametoka wapi? Akajibu bila kusita: "Tumewafuga wenyewe." Basi mbona mnawaua? Akacheka, akasema: "Kwa ajili ya demokrasia!" Kisha akateremka tena.

Jibu hilo limetushughulisha kuliko kitu chochote tulichokiona katika jioni zile mbili. Sisi tumezoea kufikiri kuwa propaganda ni uongo, na kuwa dawa ya uongo ni kuufichua. Mtu akishajua, amepona. Kijana huyu anajua kila kitu. Hakuna uongo wa Super Earth asioweza kukufunulia, na anaufunua kwa maneno mazuri kuliko haya yetu. Lakini anatii, tena kwa furaha, na kiapo cha dola ile amekihifadhi. Mapema mwaka 2024 wachezaji kwa maelfu walimiminika katika sayari iitwayo Malevelon Creek, wakashindwa na mashine, wakarudi, wakashindwa tena, na sayari hiyo ilipokombolewa mwezi Aprili ikawekewa siku ya kumbukumbu. Watu wazima waliomboleza, nusu kwa mzaha na nusu kwa kweli, juu ya sayari isiyokuwapo. Mzaha ulikuwa mlango tu. Waliokwishaingia ndani walikuta udugu, sare, wimbo na huzuni ya pamoja, vitu ambavyo moyo wa mwanadamu huvishika hata pale akili inapojua kuwa vimetengenezwa. Dola ile haihitaji uiamini. Inahitaji uteremke.

Je, maana yake ni kuwa kejeli haina faida? Hatusemi hivyo, na liko tukio moja linalotuzuia kusema hivyo. Mwanzoni mwa Mei 2024, Sony ilitangaza kuwa wachezaji wa kompyuta ni lazima waunganishe mchezo na akaunti ya mtandao wake wa PlayStation. Mtandao huo haukuwa ukitolewa rasmi katika sehemu kubwa ya dunia, na mchezo ukaondolewa sokoni kwenye duka la Steam katika nchi zaidi ya 170, Afrika Mashariki ikiwamo. Hapo wale wale waliokuwa wakicheka na kutii walikataa. Waliandika maoni ya kuulaumu mchezo zaidi ya laki mbili katika siku chache, wakitumia lugha ile ile ya Super Earth, safari hii dhidi ya amri ya kampuni. Wengi wao walikuwa Ulaya na Marekani ambako mtandao ulipatikana bila taabu, na amri ile haikuwafungia mlango. Katika siku tatu Sony ikarudi nyuma.

Mchezo wenyewe haumpi askari wake nafasi ya kuuliza kama vita ni vya haki. Nafasi hiyo waliitafuta nje ya mchezo. Waliona kuwa tangazo lililosema ni kwa usalama wao lilikuwa na faida ya mtu mwingine ndani yake. Tunajiuliza kwa nini jicho lile linafumbuka upesi pakiguswa nakala aliyoinunua mtu kwa fedha yake, na halifumbuki pakiwa na habari ya jioni inayoeleza kwa nini mji fulani wa watu wengine hauna budi kupigwa mabomu.

Mzazi anayetaka kuzungumza na kijana wake juu ya jambo hili aanzie hapo, kwenye kisa cha Mei 2024, maana huenda kijana akawa anakijua kuliko yeye. Kisha amwulize kuhusu Februari 2003.